Kabla Hamjamchinja Shefu

Wiki tatu nzima watu wa lupango letu, hapa Buyenzi, tuligombana kwa sababu ya bata mzinga mmoja. Hakuibiwa, wala hakumdonoa mtoto wa mtu. Aliugua tu. Na kwa kuwa ugomvi ule ulitufundisha mambo ambayo hatukuwahi kuyasikia kwenye mafunzo ya shirika lolote, tumeona tuuweke hapa. Vijana wenzetu msome, na ninyi mnaofanya kazi za misaada msome pia, hata kama mbele huko mtatukasirikia kidogo.

Kwanza mtujue. Sisi ni vijana wa kujitolea. Wengi wetu tulikulia kambini, Bwagiriza na Kavumu, na mpaka leo shule zikifungwa tunarudi kule kusomesha wadogo zetu. Siku nyingine tuko hapa mjini tunabangaiza: mmoja yuko gereji, mmoja anauza vocha za simu, wengine tunabeba mizigo soko la Ruvumera. Lupango letu ni kama malupango mengine ya Buyenzi. Ua mmoja, nyumba tano, bomba moja, choo kimoja, na mama mwenye lupango anayekaa nyumba ya mbele na kuku wake kama kumi hivi. Kuku wale wanatembea wanapotaka. Wanaingia jikoni, wanakunywa maji ya kufulia, usiku wanapanda mwembe. Hakuna aliyewahi kuwauliza kitu.

Shefu ni wa mtoto. Tumwite mtoto tu, jina lake halihitajiki hapa. Ana miaka kumi na mmoja. Februari 2025, vita vilipofika Bukavu na watu wakamiminika bonde la Rusizi, alivuka mto na shangazi yake, wakalala kwenye uwanja wa mpira wa Rugombo pamoja na maelfu ya wengine, halafu shangazi akapata ndugu hapa mjini. Alipofika kwetu alikuwa haongei. Ukimsalimia anakuangalia viatu. Siku moja shangazi akarudi kutoka Ruvumera na vifaranga wawili wa bata mzinga ndani ya boksi la sabuni, dume na jike, akasema atawakuza awauze Noeli. Mtoto akawachukua. Kuanzia siku ile ndo tukasikia sauti yake, maana alikuwa anaongea nao. Yule dume akamwita Shefu, kwa sababu anatembea kama shefu wa kartie akikagua: kifua mbele, mkia umetandazwa, kila mtu apishe.

Noeli ilipofika shangazi hakuuza. Hatukumuuliza, naye hakueleza.

Tuseme kidogo kuhusu ndege mwenyewe, maana tunampenda kwa sababu moja ya kijinga. Asili yake ni bara la Amerika; watu wa Mexico walikuwa wakimfuga kabla Wazungu hawajafika kule. Lakini hakuna anayempa jina la kwao. Waingereza wanamwita Uturuki. Waturuki wenyewe wanamwita India. Wafaransa nao wanamwita wa India, ndiyo maana sisi tuliotoka Kongo tunasema dindon. Wareno wanamwita Peru, na Peru si kwao. Waswahili tukamwita bata, na bata siye. Kila alikopita ameandikishwa kuwa mtu wa nchi nyingine. Siku mmoja wetu alipotusomea hayo kwenye simu tulicheka mpaka mama mwenye lupango akatoka kuuliza kuna nini. Mwenye karatasi ya ukimbizi mfukoni ataelewa kwa nini tulicheka.

Balaa lililetwa na mvua za mwezi wa nne. Ua wetu ukituama maji unakuwa tope siku nne, tano, na kuku wanachakura kwenye tope hilo wakitafuta nyungunyungu. Bata mzinga nao wakachakura. Aliyeanza ni jike. Akawa anasimama peke yake chini ya ukuta, mabawa yameanguka kama koti la kuazima, macho nusu yamefumba. Chakula anakitazama tu. Siku ya pili mtoto akatuita tuone kinyesi. Kilikuwa cha maji maji, rangi ya njano kali, njano kama mtu aliyemwaga binzari.

Tukafanya kile ambacho kila mtu angefanya. Tukampa tetra.

Tetra mnaijua. Kapsuli ya rangi mbili, inauzwa moja moja dukani kama pipi, na kwetu ni dawa ya kila kitu: tumbo, jino, kidonda, kuku. Tulifungua kapsuli mbili ndani ya kopo la maji. Hatukupima chochote. Hatukujua jike ana kilo ngapi, hatukujua anaumwa nini. Kesho yake jirani akatupa amoksisilini iliyobaki pale mtoto wake alipoumwa kifua, tukaongeza na hiyo. Juu yake tukamnywesha maji ya mshubiri, kwa sababu bibi wa nyumba ya tatu alisema kwao ndivyo wanavyofanya. Siku ya tatu Shefu naye akaangusha mabawa.

Tunaandika haya bila kujificha kwa sababu tunajua si sisi peke yetu. Ingia lupango lolote lenye kuku, uliza wakiumwa wanapewa nini, utatajiwa vidonge vya watu. Sasa sikilizeni tulichokuja kuambiwa baadaye: ugonjwa wa bata wetu hauletwi na bakteria, na dawa zile zote mbili ni za bakteria. Ilikuwa sawasawa na kumpa mwenye malaria dawa ya minyoo. Na kuna ubaya mwingine. Ukimpa ndege nusu dozi, wale bakteria wengine waliomo tumboni mwake wanaizoea dawa, na bakteria hao hawakai kwa ndege tu, wanapita kwenye mikono yetu, maji yetu, sufuria zetu. Siku mtoto wako akiumwa kweli, kile kidonge kinakuwa chaki.

Baada ya vidonge ikaja zamu ya kisu. Mama mwenye lupango alisimama mlangoni asubuhi akasema, "Munangoja nini? Akikufa ni muzoga, hakuna wa kumula." Msimcheke. Buyenzi ni mtaa wa Waislamu wengi, na hata sisi Wakristo wa lupango hatuli kilichokufa chenyewe. Nyumba tano zilikuwa hazijaonja nyama tangu Idi. Bata mzinga mkubwa anatosha sufuria zote za ule ua, na mchuzi wa kesho unabaki. Kwa hesabu hiyo, kumwacha afe ni kutupa chakula mbele ya watoto wenye njaa. Tukubali tu kwamba hoja yake ilikuwa nzito kuliko yetu. Sisi hatukuwa na hoja. Tulikuwa na mtoto aliyekaa mbele ya kibanda ameshika mlango kwa mikono miwili.

Sisi tunachopinga ni haraka. Ndege akiumwa hapa kwetu anapewa saa chache: ama kisu, ama anakimbizwa sokoni kabla mnunuzi hajaona mabawa yameanguka. Akichinjwa, manyoya na utumbo vinatupwa pale pale uani, kuku wengine wanakuja kudonoa, na ugonjwa unaendelea na safari. Akiuzwa, ugonjwa unapanda basi. Na wakati mwingine hatari inatufikia sisi wenyewe. Mwaka 2017 mafua ya ndege yaliua ndege Uganda kando ya Ziwa Victoria, na yakaonekana pia Ituri, kwetu Kongo. Aina ile wakati huo haikujulikana kuambukiza watu, lakini aina nyingine za mafua hayo zimeua watu kwingine duniani. Kwa hiyo ndege wengi wakifa ghafla kwa mpigo, usishike, usinyonyoe, usigawie jirani. Tafuta watu wa mifugo.

Sisi tulimpata kwa bahati. Mzee mmoja wa avenyu ya jirani anafuga mbuzi, akatupa namba ya veterineri anayemjua. Tukachanga nauli. Akaja jioni, kwa miguu kutoka kituo cha basi, na begi la mgongoni kama mwanafunzi. Jike alikuwa amekufa mchana ule ule. Tulifikiri atatupa pole aondoke. Badala yake akaomba ubao, wembe na mifuko miwili ya plastiki ya kuvaa mikononi, akamfungua yule jike mbele yetu, mbali na kuku.

Hili hatutalisahau. Ini lilikuwa na madoa ya mviringo, ya njano, yamebonyea katikati, kama shabaha za kulengea mishale. Halafu akatuonyesha vile vifuko viwili virefu vinavyoishia kwenye utumbo wa ndege. Vilikuwa vimevimba, kuta zimekuwa nene, na ndani mmejaa kitu kigumu kama jibini. Akasema hakuna haja ya kubahatisha tena. Ni histomoniasi. Wazungu wana jina jingine wanalouita, ugonjwa wa kichwa cheusi, ingawa kichwa cha Shefu hakikuwahi kuwa cheusi. Daktari alisema mara nyingi hakiwi.

Kisha akageuka, akanyoosha kidole kwa kuku wa mama mwenye lupango. "Hao ndio wenye nyumba ya ugonjwa."

Mama alikasirika, na tunamwelewa, maana kuku wake walikuwa wazima kabisa. Lakini hapo ndipo ulipo ujanja wa ugonjwa huu. Kimelea chake ni kidogo, hakionekani kwa macho. Kikiachwa wazi kwenye tope hakidumu, kinakufa upesi. Kwa hiyo kinajificha ndani ya mayai ya mnyoo fulani anayeishi kwenye utumbo wa kuku. Kuku anabeba mnyoo, mnyoo anabeba kimelea, na kuku mwenyewe mara nyingi haumwi wala hakondi. Mayai ya mnyoo yanatoka na kinyesi, yanakaa udongoni, yanaweza kukaa miaka. Nyungunyungu akila udongo huo anayabeba naye. Bata mzinga akimeza yai au akimla nyungunyungu, kile kimelea kinatoka, kinatoboa utumbo, kinafika kwenye ini. Wengi wa bata mzinga wanaokipata hufa. Mwanasayansi wa Marekani, Theobald Smith, alikieleza mwaka 1895 baada ya kuchunguza bata mzinga waliokuwa wakifa katika jimbo la Rhode Island. Miaka zaidi ya mia na thelathini imepita na sisi bado tunauza vifaranga wa bata mzinga kwenye boksi moja na wa kuku, wala hakuna anayemwambia mnunuzi kwamba hawa wawili hawafai kufugwa ua mmoja. Shangazi hakujua. Sisi wenye cheti cha sekondari hatukujua.

Tukauliza dawa. Hapo daktari akakaa kwenye kigoda, akavua kofia.

Alisema dawa ya minyoo ipo, tuwape kuku wote, itapunguza mayai udongoni, lakini haitaua kimelea ambacho kiko tayari kwenye ini la Shefu. Dawa inayoweza kukiua tunaijua sote, ni Flagyl, ile ya amiba. Ila Ulaya na Marekani dawa za ukoo huo zimepigwa marufuku kwa mifugo wa kuliwa, kwa hofu ya mabaki yake kwenye nyama na mayai. Yeye, kwa dhamiri yake, hawezi kumpa ndege atakayeishia kwenye sufuria au sokoni. Halafu akatuuliza swali moja: "Mtamla?"

Mtoto akajibu kabla ya mtu mzima yeyote. "Hapana."

Daktari akasema hamuulizi mtoto, anaiuliza lupango. Maana mtoto hataweza kumlinda siku ambayo nyumba zote zitakuwa hazina kitu. Aliyataka maneno ya watu wazima: huyu ndege hataliwa, hatauzwa, mwaka huu wala mwakani. Tulinyamaza. Mlioishi kambini mnajua uzito wa ahadi kama hiyo. Kuku, mbuzi, sungura, kwetu si pambo. Ni ada ya shule, ni dawa, ni nauli ya kwenda kuchukua karatasi. Kumwambia mkimbizi aondoe mnyama mzima kwenye hesabu ni kumwambia achome noti. Shangazi alikuwa analia bila sauti. Mwisho aliyesema ni yule yule mama mwenye lupango, aliyetaka kisu asubuhi. Akasema, "Sawa. Huyo si nyama tena."

Daktari akampima Shefu kwa mzani wa muuza ndizi, akaandika dozi kwenye karatasi, akaondoka. Dozi hatuiandiki hapa, na msituombe kwa meseji. Mkishaona njano ya binzari kwenye kinyesi msikimbilie dukani kununua Flagyl. Inawezekana kabisa ndege wenu ana kuhara kwingine, na nyie bado mnapanga kumla.

Usiku ule kikundi chetu kiligawanyika. Mmoja wetu ana mama mwenye kisukari, anapanga foleni kituo cha afya na mara nyingine anarudi na karatasi tu bila dawa. Alisema waziwazi: kidonge cha mtu kupewa ndege ni tusi kwa wagonjwa. Hatukuweza kumjibu vizuri. Tulimwambia kwamba mtoto huyu amepoteza baba na nyumba, na alichobaki nacho ni kile kilichomo kibandani. Akasema hata yeye alipoteza, na hakuna aliyemnunulia dawa ya mbwa wake. Alikuwa na haki. Mpaka leo hajakubali, na tunamwandika hapa kwa sababu ni mwenzetu, na maneno haya asingependa tuyapake rangi.

Uuguzi wenyewe ndo ulikuwa kazi. Watu wanafikiri dawa inaponya; dawa ni kazi ya dakika mbili. Tulimhamishia Shefu jiko la zamani lisilotumika. Chini tukapanga mbao juu ya matofali asikanyage udongo, juu yake maranda ya seremala, kila asubuhi tunayatoa na kuyachoma. Viatu vya kuingilia vilikuwa jozi moja tu, vinakaa mlangoni. Mikono kwa sabuni, kuingia na kutoka. Maji safi mara tatu kwa siku, yenye sukari na chumvi kidogo, kama yale tunayowatengenezea watoto wanaohara. Bata mzinga mgonjwa akikuta maji machafu hanywi, na asiponywa hamalizi siku mbili. Chakula alikuwa hakigusi, basi mtoto akawa anakoroga pumba laini na unga wa ndagala, anaweka kwenye ncha ya kidole, anamgusisha mdomo. Mara ishirini anakataa, ya ishirini na moja anameza. Usiku baridi ya mvua ikiingia tulikuwa tunaweka chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Zamu za usiku tuligawana. Kuna aliyelala kwenye zamu yake, hatumtaji, anajijua.

Siku ya sita Shefu alidonoa mwenyewe. Siku ya tisa akatoa ile sauti yake, guluguluguluu, saa kumi na moja alfajiri, lupango zima likaamka, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyelalamika.

Sasa tugeukie ninyi wa mashirika, maana hatukuandika haya yote kwa ajili ya ndege mmoja.

Wiki ile ile tulikuwa na kikao kuhusu miradi midogo ya kipato, ile tunayoiita AGR. Mmoja wetu alipoomba ruhusa ya kuondoka mapema akamwangalie Shefu, afisa mmoja akauliza, kwa kicheko, "Huyo ndege ni mradi au ni mchezo?" Watu wakacheka. Hatumtaji, wala shirika lake, na kwa mengine ni mtu mwema. Lakini swali lake limetukaa kooni. Kwenye fomu zenu mnyama wa mkimbizi ana kisanduku kimoja tu: ataleta faranga ngapi. Mtoto aliyeanza kuongea kwa sababu ya kifaranga hana kisanduku. Mnalipa wataalamu waje kuzungumza na watoto walioona vita, na ni jambo zuri, wala hatulidharau. Tunasema tu kwamba mtaalamu huyo huja mara moja kwa mwezi. Shefu yupo kila siku.

Na hata tukizungumza lugha yenu ya kipato, hesabu zenu hazijakaa sawa. Kambini tuliwahi kuona kuku wakigawiwa, nyumba kwa nyumba, picha zikapigwa. Hakuna aliyetufundisha kusoma kinyesi. Hakuna aliyesema kuku mgeni akae mbali na wenyeji kwanza. Namba ya daktari wa mifugo haikubandikwa popote. Mvua zilipokuja kuku walikufa wakaisha, na kwenye kikao cha tathmini tukaambiwa wakimbizi hatuna utamaduni wa kutunza. Wengi wa wale wazee walioambiwa hivyo waliacha ng'ombe milimani Fizi na Uvira. Kutunza wanajua. Walichokosa ni chanjo, na mtu wa kumwita.

Chanjo si ndoto. Ugonjwa wa Newcastle, ambao Tanzania wanauita kideri au mdondo, ndio unaofagia kuku wa vijijini Afrika nzima, na bata mzinga nao unawapata. Jirani zetu Tanzania wanatengeneza chanjo iitwayo I-2. Inavumilia joto kuliko nyingine, na dozi yake ni tone moja kwenye jicho la ndege, kila baada ya miezi mitatu au minne. Vijijini kule, na Msumbiji pia, watu wa kawaida wamefundishwa kuchanja kuku wa majirani zao kwa malipo kidogo. Hiyo ndiyo kazi tunayoweza kuifanya sisi. Tuna miguu, tunajua kila lango la Buyenzi, na tunaongea Kiswahili na Kirundi. Tunachohitaji ni veterineri wa kutuelekeza kwa kibali cha serikali, kisanduku cha barafu, na nauli yake iwe kwenye bajeti, si kwenye mchango wa wauza vocha.

Mtasema Burundi ina shida kubwa kuliko hizi. Ni kweli. Lakini mwaka 2022, homa ya Bonde la Ufa ilipoingia kwenye ng'ombe, kila mtu nchini alijua: mifugo ilizuiwa kuhamishwa, kuchinja kukasimamishwa, redio zikatangaza. Kwa hiyo nchi inajua kufanya kazi hii ikiona mnyama ana thamani. Kuku na bata wa ua wa mpangaji hakuna anayewatangaza, na wakimbizi wengi wa mjini hawana mifugo mingine zaidi ya hao.

Kwa vijana wenzetu tuna ombi fupi. Kama mna kuku, msilete bata mzinga. Kama mnao tayari, watengeni leo, na wa bata wasipite kabisa pale kuku walipokuwa wakichakura. Vidonge vilivyobaki ndani ya nyumba virudisheni kituo cha afya. Ndege akianza kuumwa mtengeni saa ile ile, mchunguze kinyesi kwa macho, piga picha umtumie anayejua. Ukiamua kuchinja, chinja kwa kuwa umejua anaumwa nini na nyama yake inafaa. Kuna siku kisu ndicho cha huruma, na hatutamlaumu mtu.

Shefu bado hajarudisha uzito wake. Daktari amesema ini lililoumia hivyo linaweza kumsumbua muda mrefu. Tumemjengea uzio wa mabati ya kuokota nyuma ya choo, upande ambao kuku hawakuwahi kukaa, na sakafu ya mbao. Kuku wamekunywa dawa ya minyoo mara mbili. Mama mwenye lupango kila wiki anauliza uzio utatoka lini, kwa sababu pale ndipo alipokuwa anaanika mihogo, na kila wiki tunamwambia bado. Jumamosi iliyopita tulimkuta amekaa pale nje ya bati, anamenya mihogo yake, anamrushia Shefu maganda, huku anamtukana.

Tukamwambia mama, maganda mabichi ya muhogo yana sumu. Akayaokota yote.